Ekari Moja Isiyokula Mshahara

Mwongozo kwa mkulima wa Jumamosi: Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo

Shamba la wikendi utalijua kwa kilichomo kwenye buti la gari. Asubuhi gari linatoka Dar es Salaam na magunia mawili ya chakula cha kuku, dumu la mafuta ya pampu, dawa ya wadudu na mshahara wa kijana wa shamba. Jioni linarudi na mapapai matatu, fungu la kisamvu na trei ya mayai. Mwenye gari anawagawia majirani akisema, "Chukueni, haya ya shambani, hatununui." Kumbe hakuna mayai ghali kuliko hayo mtaa mzima.

Kama shamba ni starehe yako na unaimudu, endelea kwa amani. Wengine hulipia hoteli za ufukweni. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka ekari yake iache kumwomba hela kila mwisho wa mwezi, kisha ianze kumrudishia kidogo kidogo. Utaratibu ni huo, na haugeuzwi: kwanza ziba panapovuja, ndipo uuze. Anayeanza na mauzo kabla ya kuziba huishia kuongeza uzalishaji wa hasara.

KWA NINI EKARI MOJA HUKULA PESA

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, au hatua 70 kwa 70 kama tunavyopimiana mashambani. Kwa eneo hilo huwezi kushindana na mkulima wa mahindi wa Songea wala wa mpunga wa Kilombero. Wana ardhi, wewe huna. Mahindi yao hukauka, hujazwa kwenye magunia, husafiri siku mbili na kufika sokoni yakiwa mazima, kwa bei ambayo wewe ukijaribu kuifikia hata gharama ya palizi hairudi.

Ulichonacho ambacho wao hawana ni ukaribu. Kati ya shamba lako na mamilioni ya walaji wa Dar es Salaam kuna saa moja au mbili za barabara. Kanuni ya mwongozo huu inatoka hapo: *panda kinachoharibika upesi, nunua kinachokaa ghalani.* Mchicha hulegea jioni ya siku uliyochumwa. Muhogo mbichi hupata weusi ndani ya siku mbili au tatu baada ya kung'olewa. Kuku hai hapendi safari ndefu. Mzalishaji wa mbali anaogopa vitu hivyo, na ndiyo sababu wewe uvikimbilie. Mahindi ya kuku nunua msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, uyahifadhi yakiwa makavu. Mchele usiufikirie kabisa.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA PANAPOVUJA

Usipande kitu kipya kabla ya kumaliza kazi hii ya jioni moja.

1. Chukua daftari na simu yako. Pitia ujumbe wa pesa ulizotuma kwa miezi mitatu iliyopita, uandike kila shilingi iliyokwenda shambani. Ingiza mafuta ya gari, vocha ya kijana, chai ya fundi na ile "ya dharura" iliyotumwa usiku.
2. Gawa matumizi katika mafungu manne: chakula cha mifugo, watu, maji na nishati, safari. Kisichoingia popote kiite mengineyo.
3. Upande wa pili andika kilichotoka shambani. Ulichokula nyumbani kihesabu kwa bei ambayo ungekinunulia sokoni Buguruni au Mabibo. Ulichowagawia ndugu kipe safu yake; hiyo ni sadaka, si mauzo.
4. Bei ya ardhi, kisima na kibanda cha mlinzi iandike ukurasa mwingine. Huo ni mtaji. Ukiuchanganya na matumizi ya kila mwezi utakata tamaa kabla ya kujua tatizo liko wapi.
5. Angalia fungu kubwa kuliko yote. Hilo ndilo la kushughulikia kwanza, hata kama halikuvutii.

Kwa wenye kuku, fungu kubwa huwa ni chakula. Kwa wasio na kuku huwa ni safari, na safari ina dawa nyepesi: nenda kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, kijana akutumie picha katikati, na kila unapokwenda gari lirudi limebeba cha kuuza. Safari ya kwenda kuangalia tu ihesabu kuwa utalii wa ndani.

> KIPIMO CHA TREI
>
> Kuku wa mayai hula takribani gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku 50 hula kilo 6 kwa siku, kilo 180 kwa siku 30.
>
> Wakitaga vizuri, mayai 35 kwa siku, mwezi utatoa trei 35. Kila trei imebeba kilo 5 na ushee za chakula.
>
> Wakishuka hadi mayai 25 kwa siku, utapata trei 25, na kila trei imebeba kilo 7 na gramu 200.
>
> Zidisha kilo hizo kwa bei ya kilo moja ya chakula dukani kwako leo, kisha linganisha na bei unayouzia trei. Bei zikipanda au kushuka, kipimo hiki hakizeeki. Na hapo bado hujahesabu mshahara, chanjo wala kuku waliokufa.

Kipimo hicho kinaeleza jambo jingine. Kuku 50 kwa mwaka hula zaidi ya tani 2, na karibu kilo 880 kati ya hizo ni mahindi kama utatumia mchanganyiko nitakaoutaja mbele. Kwa mvua za Pwani, ekari yako yote ikipandwa mahindi inaweza isifikishe hapo. Kwa hiyo anayekwambia ekari moja italisha kuku 50 wa mayai, ikalisha familia na bado ikauza mboga, anafanya kilimo cha WhatsApp: kinastawi kwenye simu tu. Kujitegemea kwa ekari moja kunaanza kwa kupunguza midomo.

MAJI NDIYO YANAYOPIMA BUSTANI

Watu wengi hupima bustani kwa macho na baadaye kutafuta maji ya kuimwagilia. Fanya kinyume.

Tuta la mita 1 kwa 10 linahitaji takribani lita 50 kwa siku wakati wa jua. Matuta 12 ni lita 600 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 litaisha kwa siku nane. Sasa tazama paa lako: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa sehemu moja hivi ya tano kwa maji yanayopotea, litakupa kama lita 48,000. Zinaonekana nyingi, lakini kwa matuta 12 ni siku 80 tu, tena kama ungekuwa na pa kuyaweka yote.

Uamuzi unafuata hesabu. Asiye na kisima alime bustani wakati wa masika na vuli, na kiangazi abaki na matuta mawili au matatu ya kula nyumbani. Mwenye kisima apime chumvi kabla ya kununua pampu. Mkuranga na Bagamoyo, kadiri unavyosogea baharini, kisima cha maji ya kuoshea vyombo kinaweza kuua mchicha. Peleka chupa maabara, au kwa gharama ndogo zaidi, mwagilia tuta moja la mchicha kwa wiki tatu ulione. Na kabla hujaleta mtambo wa kuchimba, pata kibali cha bodi ya maji ya bonde lako, ambalo kwa sehemu kubwa ya Pwani ni Wami/Ruvu.

Halafu tandaza majani. Nyasi kavu, maganda ya mpunga au makuti yaliyokatwakatwa juu ya udongo hupunguza maji yanayopaa na jua, na udongo wa Pwani wenye mchanga mwingi hauna kingine cha kuushikia unyevu. Samadi na mboji ndizo nguzo yake. Kwenye mchanga mtupu mbolea ya dukani huzama na maji ya mvua, ikifuatiwa na hela yako.

NUSU EKARI YA MIHOGO

Hapa ndipo ningeweka nguvu ya kwanza. Muhogo unaitwa zao la maskini na watu ambao hawajauliza bei ya kiroba cha mihogo siku ya tatu ya Ramadhani.

Sababu zake ni tatu. Haudai maji yako. Haudai uwepo wako kila siku. Na haukulazimishi kuuza: ukiwa ardhini unaendelea kukaa, unang'oa kiasi cha mteja wa leo. Wateja wenyewe wako mjini, wakaanga mihogo wa vituo vya daladala na milango ya shule, na wauza mihogo ya kuchoma. Wanataka muhogo mtamu, unaoiva laini, usio na nyuzi. Kiroba ni aina inayofahamika Pwani kwa sifa hizo, na huvumilia ugonjwa wa michirizi kahawia kuliko mbegu nyingi za kienyeji. Kituo cha utafiti cha TARI Kibaha hushughulika na mihogo. Pita ukaulize mbegu safi na aina zilizotoka baada ya hiyo.

*Namna ya kupanda*

1. Chagua mbegu shambani mti ukiwa umesimama, usisubiri rundo la barabarani. Mti uwe na miezi 8 hadi 12, majani yasiwe yamekunjamana na madoa ya njano. Hizo ni dalili za ugonjwa wa batobato.
2. Ng'oa shina moja au mawili ya shamba hilo uyapasue kwa kisu. Michirizi kahawia hujificha: majani yanaweza kukudanganya, huku muhogo wenyewe una mabaka makavu ya kahawia ndani. Ukiyaona, achana na mbegu ya shamba zima.
3. Kata pingili za sentimita 20 hadi 30, zenye macho 5 hadi 7. Tumia panga kali. Pingili iliyopasuka huoza.
4. Panda mwanzoni mwa masika, mita 1 kwa 1. Nusu ekari itachukua mashina kama 2,000.
5. Kati ya mistari panda kunde. Utachuma majani yake mapema, utavuna kunde kavu kabla mihogo haijafunga kivuli, na mizizi yake inauachia udongo rutuba.
6. Palilia wiki ya tatu au ya nne, kisha mara mbili zaidi kabla mihogo haijatimiza miezi mitatu. Palizi iliyochelewa hapa hailipwi na palizi yoyote ya baadaye.

Kisamvu chuma kwa kiasi. Mti unaonyolewa majani kila wiki hauna cha kujazia muhogo, na kijana wa shamba anayeuza kisamvu kwa siri anakuuzia mihogo yako bila kujua. Mpangie mistari miwili iwe ya kisamvu tu, mingine isiguswe.

Kama uko karibu na msitu, mathalani Pugu au Kazimzumbwi, waulize majirani habari za nguruwe pori na ngedere kabla ya kupanda shina moja.

> TAHADHARI: MNUNUZI WA KWA MACHO
>
> Atakuja mtu mwenye kirikuu, atazunguka shamba kwa dakika kumi na kutaja bei ya shamba zima. Usikatae wala usikubali. Ng'oa mashina 10 kutoka pembe tofauti, pima mihogo yake, gawa kwa 10, zidisha kwa idadi ya mashina yaliyosimama. Mashina 10 yakitoa kilo 23, una kilo 2.3 kwa shina. Kwa mashina 2,000 hizo ni kilo 4,600. Sasa una la kuzungumza. Na uza kwa kilo; gunia la lumbesa lina mdomo mrefu kuliko gunia lenyewe.

KUKU: ISHIRINI KABLA YA MIA MBILI

Anza na kuku wa kienyeji, majike 18 na majogoo 2. Najua hawatagi kama wa kisasa. Lakini kuku anayezunguka mchana anajitafutia sehemu kubwa ya riziki yake. Jioni unamwongezea gramu 50 hivi. Kuku 20 ni kilo moja kwa siku, kilo 30 kwa mwezi, dhidi ya zile 180. Hapa huuzi mayai. Unauza kuku hai, na mayai yaliyo mengi unayageuza vifaranga.

*Kuatamisha kwa pamoja*

Kuku wa kijijini hupoteza muda mrefu akilea, na vifaranga wengi hufa wakimfuata mama kwenye umande na mwewe. Tiba yake ni kuwafanya waangue siku moja:

1. Kusanya mayai kila siku. Yaweke kwenye chombo chenye mchanga mkavu, mahali pa baridi, ncha nyembamba ikiangalia chini. Yasizidi siku 10.
2. Kuku wa kwanza akianza kuatamia, mwachie mayai mawili ya kumdanganyia. Subiri wa pili na wa tatu.
3. Jioni moja wape wote mayai mazuri, 10 hadi 13 kila mmoja. Kiota kiwe na majivu chini ya nyasi kavu. Utitiri humtoa kuku kwenye mayai hata kama ana moyo wa kulea.
4. Siku ya 21 wataangua. Vifaranga wote wakabidhi kwa kuku mmoja mpole, au walee kwenye chumba chenye joto. Ukitumia jiko la mkaa, acha matundu ya hewa. Moshi wake unaua vifaranga na mtu anayelala chumba cha pili.
5. Wiki nne za kwanza wasitoke nje bila wavu juu yao. Mwewe na kipanga unawajua, lakini Pwani adui mkubwa ni kunguru, huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na hajawahi kufikiria kurudi.

Vifaranga wanahitaji protini, na dagaa ni ghali. Chukua chungu kikuukuu, jaza mabunzi, mabua na samadi iliyoloweshwa, kifunike jioni juu ya njia ya mchwa. Alfajiri kifunue kabla jua halijawa kali, uwakung'utie vifaranga. Usichukue mchwa mahali palipopigwa dawa.

*Chanjo haina mjadala*

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, humaliza banda zima kwa siku chache, na hauna tiba. Chanjo ya I-2 hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini usiiachie kwenye dashibodi ya gari; ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wako, basi waite majirani muwachanje kuku wote siku moja. Mdondo hauheshimu mipaka ya shamba. Kwa gumboro na ndui, nenda duka la mifugo na tarehe ya kuanguliwa mkononi. Ratiba huhesabiwa kuanzia hapo.

> MCHANGANYIKO WA KILO 100 KWA KUKU WANAOTAGA
>
> Kwa atakayeamua kuongeza kuku wa mayai baada ya mwaka wa kwanza:
>
> - Mahindi yaliyoparazwa: kilo 40
> - Pumba za mahindi: kilo 20
> - Mashudu ya alizeti: kilo 22
> - Dagaa waliosagwa: kilo 8
> - Chokaa ya mifugo: kilo 9
> - Chumvi: nusu kilo (acha kabisa kama dagaa wana chumvi)
> - Premiksi ya kuku wa mayai: nusu kilo, au kadiri ya maelekezo ya pakiti
>
> Protini yake ni kama asilimia 16. Vifaranga usiwape: chokaa hii ni nyingi mno kwao na protini haiwatoshi. Mahindi yenye ukungu yatupe. Sumukuvu haiondoki kwa kusaga wala kuanika.

Kinyesi cha kuku ndicho kinachofunga mzunguko wa shamba. Tandika maranda au maganda ya mpunga bandani, yatoe yakishajaa, yarundike na majani makavu kwa miezi miwili hadi mitatu huku ukigeuza. Kibichi huunguza mimea, na kwenye mboga za majani hupeleka vimelea mezani.

MBOGA: CHACHE, KWA ZAMU

Matembele yawe ya kwanza. Hununui mbegu, unakata mche kwa jirani; ukichuma yanachipua tena, na hayana wadudu wa kukutia wazimu. Mchicha panda kwa zamu: ukiwa na matuta 12, mwaga mbegu matuta 3 kila wiki. Hukomaa wiki ya nne, kwa hiyo kila wiki una matatu ya kuuza na matatu ya kupanda. Wengine hupanda yote 12 siku moja, wakavuna siku moja, wakabembeleza wanunuzi siku hiyo hiyo.

Uza kwa tuta, likiwa bado shambani, kwa mama anayekuja kuchuma mwenyewe. Bei yake ni ndogo kuliko ya fungu sokoni, lakini kuchuma, kufunga, usafiri na mchicha uliolala ni mzigo wake. Ongeza bamia na nyanya chungu pembeni.

Nyanya ziache. Tangu mdudu aitwaye kantangaze aingie nchini miaka ya 2010, nyanya zinahitaji mtu wa kuzikagua kila siku na kupiga dawa kwa wakati, na wewe uko ofisini Posta. Tikiti maji lina kisa chake kama hicho.

NG'OMBE JE?

Bado. Ng'ombe wa maziwa anadai majani mabichi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake kila siku, maji mengi, kuogeshwa dhidi ya kupe wanaoleta ndigana, na mkamuaji mwaminifu mara mbili kwa siku. Ekari yako ikishapandwa mihogo na mboga haina pa kumpandia matete. Ukitaka mnyama, mbuzi wawili wanaokula mabaki ya shamba wanatosha. Wafungie mbali na mihogo.

KIJANA WA SHAMBA

Faida ya shamba la wikendi iko mikononi mwa mtu anayelala hapo siku ambazo wewe hupo. Ajabu ni kwamba ndiye anayelipwa mwisho, baada ya pampu. Mwenye shamba akimlipa tarehe 12 mshahara wa tarehe 30, asishangae trei zikipungua. Mtu lazima ale.

1. Andikeni mkataba, kurasa mbili zinatosha: kazi, mshahara usiopungua kima cha chini cha serikali, siku za mapumziko, mchango wa NSSF.
2. Mlipe tarehe ile ile kila mwezi, hata shamba lisipouza kitu.
3. Mpe matuta yake mawili na kuku wake, vijulikane ni vyake.
4. Juu ya mshahara weka gawio, kwa mfano asilimia 10 ya mauzo. Gawio lisigeuke kuwa mshahara.
5. Mauzo yapite kwenye simu yako moja kwa moja. Hili linamlinda yeye kuliko linavyokulinda wewe.

Na msikilize. Huenda ametoka kwenye familia iliyolima mihogo tangu enzi za babu, na anaona unavyokosea, ila anasema "sawa bosi" kwa sababu ndivyo ulivyomzoesha.

UZA KWA KALENDA

Pwani kalenda ya soko ni ya futari na sikukuu. Mihogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi za kupika hutafutwa Ramadhani nzima. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Ya 2027 inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Februari, kutegemea mwandamo. Mihogo iliyopandwa masika, Machi, inakuwa na miezi 11 hapo. Bahati hiyo itadumu miaka michache tu. Ramadhani ikishasogea hadi Desemba na Novemba, itabidi upande baadhi kwenye vuli ya mwaka uliotangulia, uiache ikae ardhini kwa muda mrefu kidogo.

Majogoo yalenge Krismasi na Idi. Wa kienyeji huchukua miezi 5 hadi 6 kufikia uzito wa kuuza, hivyo wa Desemba waanguliwe Juni, au mapema Julai. Watafute wateja wiki tatu kabla, kwenye kundi la ofisini, msikitini, kanisani, kwa majirani. Pokea malipo ya nusu. Ukiwapeleka wote mnadani tarehe 24 Desemba utamkuta kila mwenye shamba la wikendi amesimama na matenga yake.

MAKOSA YANAYORUDIWA SANA

- Kujenga nyumba nzuri ya mapumziko kabla ya kujua maji yako chini kiasi gani.
- Kununua vifaranga 300 kwa mkopo, halafu kutafuta soko wakiwa na wiki ya sita.
- Banda la saruji la mamilioni kwa kuku wa laki chache. Miti, nyasi na wavu vinatosha kuanzia.
- Kuongeza zao jipya kila msimu kwa sababu mtu mmoja amelisifu.
- Kutolipa chochote kwa chakula cha nyumbani. Familia inayokula mayai 60 kwa mwezi iandikwe kwenye daftari kama mteja mwingine.

ORODHA YA JUMAMOSI

Bandika nyuma ya mlango wa stoo, mtie alama pamoja na kijana:

☐ Kuku wamehesabiwa wakiwa bandani, kabla ya kufunguliwa
☐ Tarehe ya chanjo ijayo imeandikwa ukutani
☐ Kilo za chakula zilizobaki zimepimwa kwa mizani, si kwa macho
☐ Matuta 3 ya wiki hii yamepandwa
☐ Kina cha maji kwenye tanki kimeandikwa
☐ Rundo la mboji limegeuzwa
☐ Shina moja la muhogo limeng'olewa na kupasuliwa
☐ Mauzo na matumizi ya wiki yamesomwa kwa sauti, wote wawili mkisikia
☐ Buti la gari limebeba cha kuuza, na mnunuzi wake ameshapigiwa simu